Munywani wa Evodia

Nilipoletwa shambani Quriyat, mtu wa kwanza kunikaribisha alikuwa Evodia. Alinipokea mfuko, akanionyesha chumba, choo na bomba, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, ukiwa na jambo lako la siri, usilisemee kule mbele. Bibi anajua Kiswahili kuliko mimi na wewe."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mrefu, mwenye mwanya, mzaliwa wa Muleba kule Kagera. Wahaya tunawatania kwa majivuno yao, lakini huyu hata ungemsifia chakula angetafuta mtu mwingine wa kumpa sifa hiyo. Kazi yake ilikuwa kumtunza Bibi Masouda, mama wa mwenye shamba. Bibi alizaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana baada ya Mapinduzi, na sasa miguu ilikuwa haimbebi tena. Evodia alimwogesha, alimlisha, alimgeuza kitandani, alimkanda magoti. Mwanawe Bibi, Talal, alifanya kazi wizarani Al Khuwair na aliishi Ghubra na mkewe na watoto. Tulimwita Baba, ingawa alikuwa rika letu. Kila Ijumaa alikuja na familia yake, wakala chakula cha mchana na Bibi, na alasiri wakaondoka. Siku nyingine zote shamba lilikuwa letu na la mbuzi.

Mimi ni Aika, mtu wa Machame. Nililetwa kupika na kufua. Mbuzi, milimau na usafi wa nje vilikuwa mikononi mwa Nakalanzi, Mganda wa Masaka, mfupi, mwepesi wa mkono na wa mdomo. Sisi watatu tulilala nyuma, kwenye safu ya vyumba vitatu vilivyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Mahali pale tulipaita Uani.

Vyumba vitatu, wanawake watatu. Ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba chumba cha tatu hakilali mtu.

Sitajipamba hapa. Nilipotambua, nilimfuata Evodia kwenye kamba ya nguo nikamwambia usoni: "Mnachofanya ni dhambi. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyosema."

Alikuwa ameshika shuka la Bibi. Aliniangalia kidogo. "Sawa," akasema. "Umeshasema. Sasa shika upande ule tukunje."

Nikashika. Tukakunja mashuka manane. Jioni ile akaniletea uji wa tangawizi kwa sababu alinisikia nikikohoa. Ningependa kusema kwamba niliona haya siku hiyohiyo, lakini haikuwa hivyo. Nilikunywa uji na nikaendelea kuwaombea.

Baada ya familia kuondoka kila Ijumaa, walikuja wageni wawili kutoka shamba la jirani: Nalule, Mganda mwingine, kijana wa miaka ishirini na mitano, na Filomena wa Mbinga. Na wao walikuwa kama Evodia na Nakalanzi. Evodia alipika ndizi za Bibi na nyama, tukala kwenye sinia moja chini ya mtende. Tulisukana nywele, tukatengenezeana nguo, tukalia pale mmoja wetu alipopata taarifa ya msiba nyumbani. Aliyeumwa alifanyiwa kazi na wenzake hata mwajiri asijue. Nimeishi bweni la shule, nimeishi kwa shangazi, nimeishi na mume miaka sita. Sijapata kuishi mahali ambapo watu walitazamana usoni namna ile kuulizana kama wamekula.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikera: lugha. Mhaya na Mganda wakizungumza taratibu wanaelewana, kama mtu wa Machame anavyomwelewa wa Kibosho. Kwa hiyo Evodia na Nakalanzi walikuwa wamejitengenezea maneno yao, nusu Kihaya nusu Kiganda, na ndiyo iliyokuwa lugha ya Uani. Kiswahili walikiacha kule mbele kwa sababu kila mtu kule mbele alikisikia. Wakati wanawake wengine hapa Muscat wanatumia Kiswahili kujificha wasieleweke na mabosi wao, sisi bosi wetu alikuwa anaota kwa Kiswahili.

Nakalanzi alikuja Oman hajui Kiswahili kabisa. Kwao, alisema, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari na wezi, ukisikia mtu anakisema barabarani unafunga mlango. Alikijua kwa kukaa sakafuni kando ya kitanda cha Bibi Masouda akimkata kucha, ndiyo maana Mganda huyu alisema "nnakwenda" na "khabari" kwa kukwaruza koo kama mtu wa Mji Mkongwe. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Ijumaa moja walizungumzia majina. Nalule ndiye aliyeanza. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba watu kama wao duniani wana jina la Kizungu, lesbian, na kwamba huko Ulaya wanawake wa namna hiyo wamewahi kununua mashamba wakaishi peke yao, wakalima na kufuga.

"Kama sisi," akasema Nakalanzi, "ila wao si wafanyakazi wa mtu."

"Sasa sisi tujiite nani?" akauliza Nalule.

Filomena akasema kwao Mbinga hakulijua neno lolote, na kwa sababu hakuna neno, aliweza kukaa na mwenzake miaka mitatu, watu wakidhani wanasaidiana kodi ya nyumba. Siku mchungaji alipoleta neno kanisani, wiki ileile walivunjiwa mlango.

"Msagaji ni neno la kumtupia mtu mawe," akasema Evodia. "La Kiganda ndilo baya zaidi, hata sitalitamka. Na hilo la simu mimi sijui kulisema, linanikwama kwenye mwanya." Wakacheka. Yeye hakucheka. "Kwetu kuna munywani."

Nakalanzi akainua kichwa. "Na kwetu lipo. Munywanyi."

Evodia alitueleza mimi na Filomena, tuliokuwa hatujui. Zamani huko kwao, watu wawili waliopendana kupita ndugu walipasua tunda moja la kahawa. Ndani ya tunda kuna mbegu mbili zimelaliana kifua kwa kifua. Kila mmoja alipaka mbegu yake damu yake, akampa mwenzake ameze. Kuanzia hapo mmoja akifiwa, mwingine amefiwa. Mmoja akikimbia, nyumba ya mwingine haimkatalii. Na zamani hizo hakuna aliyewauliza zaidi ya hapo.

"Wanaume," nikasema. "Hayo yalikuwa ya wanaume."

"Yalikuwa ya watu," akasema Evodia.

Alikuwa na kahawa za kutafuna zilizofungwa kwa jani la mgomba, aliletewa kutoka Bukoba. Alasiri ile, jua bado likiwaka, alipasua moja. Walichomana vidole kwa sindano ya kushonea ya Bibi. Wakaniomba niwe shahidi, maana desturi inataka shahidi, na Nalule na Filomena walitaka nao kufanya baada yao. Nilisema sitaki, kisha nikabaki palepale nimesimama, nikaona yote. Kwa hiyo nilikuwa shahidi nipende nisipende.

Huo ulikuwa mwezi wa tano. Mwezi wa sita mkataba wa Nakalanzi ulikuwa umebakiza miezi miwili, na kaka yake Kayondo alianza kumpigia simu kila siku. Alikuwa amempatia mume, mzee mwenye gereji. Evodia na Nakalanzi wakaanza kugombana, kwa lugha yao, mbele yangu, siku nzima, nami nasikia vishindo tu. Siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, tulikuwa watatu kwenye sakafu ya kufulia nyuma ya ukuta wa tangi, tunakamua mablanketi ya Bibi. Walikuwa wanarushiana maneno juu ya kichwa changu. Nikatupa blanketi chini.

"Semeni Kiswahili!" nikapiga kelele. "Mnaniona mimi ni mbuzi? Nakaa na nyinyi, nakula na nyinyi, mmenifanya shahidi wenu, halafu mnanifungia mlango wa maneno!"

Evodia aliona nimeumia kweli. Akajifuta mikono kwa kanga, na akasema kwa Kiswahili, polepole na kwa sauti, kama mtu anayeapa mahakamani:

"Haya, Aika, sikia na uwe shahidi. Namwambia huyu hataolewa na mwenye gereji. Huyu ameshaolewa. Nakalanzi ni mke wangu, na mimi ni mke wake. Hilo ndilo tunalogombania."

Pampu ya kisima ilikuwa imeharibika usiku uliopita, na Bibi alikuwa amempigia mwanawe. Sisi hatukujua kwamba amempigia. Talal alikuwa ameacha gari getini, akaja kwa miguu kupitia kwenye milimau kuangalia pampu, na pampu iko upande wa pili wa ukuta ule wa tangi.

Alitokea taratibu. Hakuwa amekasirika usoni. Alikuwa kama mtu aliyeona nyoka chumbani kwa mtoto.

"Nini umesema?" akamuuliza Evodia.

Nakalanzi akaliokota blanketi nililolitupa.

"Evodia. Nimekuuliza."

"Umesikia, Baba," akasema Evodia.

Talal aligeuka akaingia ndani kwa mama yake, nasi tukamfuata mpaka mlangoni, kwa sababu hatukujua la kufanya. Bibi Masouda alimsikiliza mpaka mwisho, mkono wake juu ya shuka.

"Wawache," akasema.

"Mama, nina mabinti. Wanakuja hapa kila Ijumaa."

"Nnajua una mabinti, mie ndiye bibi yao. Hawa wamemfanya nini binti yako? Huyu ananisafisha mie uchafu wangu. Wewe wanisafisha?"

"Mama, hili ni haramu. Watu wakijua?"

"Watajulia wapi kama hukuwambia?"

Talal alikaa pembeni ya kitanda akajishika kichwa. Nasema ukweli, alikuwa mtu mwenye hofu kuliko ubaya. Mwisho akasema, "Simpeleki mtu polisi. Mganda mkataba wake unakwisha, namrudisha maktab leo, wampeleke kwao. Evodia abaki na wewe. Huo ndio wema wangu, zaidi siwezi."

Maktab ni ofisi ya wakala, ile inayoleta wafanyakazi na kupokea wanaorudishwa.

Evodia alipiga magoti. Sijawahi kumwona akipiga magoti kwa mtu isipokuwa kumvisha Bibi viatu. "Baba, nirudishe na mimi. Tafadhali. Turudishe wote pamoja."

"Mama atatunzwa na nani?"

"Aika yupo."

"Mama amekuzoea wewe."

Na Bibi Masouda, aliyekuwa anatutetea dakika ile ile, akageuza uso ukutani. Hakusema "mwache aende". Aliogopa, nadhani. Mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe kitandani ana hofu zake.

Nakalanzi alipewa nusu saa ya kufunga begi. Hakulia. Alimwambia Evodia maneno kwa lugha yao, na kwa mara ya kwanza sikutaka kutafsiriwa. Alipopita mbele yangu akanishika bega, akasema kwa Kiswahili chake cha Unguja, "Si wewe, dada. Usijitie wahka." Gari likaondoka. Pampu haikutengenezwa siku ile, na maji ya kumwogeshea Bibi tuliyateka kwa ndoo.

Nilijua baadaye yaliyofuata. Maktab walitaka sababu ya kumrudisha kabla ya muda, na Talal akaandika neno moja kwenye fomu kwa Kiarabu. Neno lile likatumwa Kampala kwa Kiingereza. Wakala wa Kampala akampigia Kayondo simu akamwambia kwa Kiganda. Kule kwao kuna sheria mpya, tangu mwaka ule wa ishirini na tatu, ya kufunga mtu maisha. Sidhani Talal alijua neno lake litasafiri mbali namna ile. Lakini alikuwa na peni mkononi, na angeweza kuandika kwamba amechoka na kazi.

Siku mbili Evodia alifanya kazi kama kawaida. Siku ya tatu, baada ya kumlisha Bibi chakula cha mchana, alikaa kwenye zulia kando ya kitanda.

"Bibi, naondoka."

"N'lijua." Bibi akajivutia shuka. "Pasi yako ya kusafiria anayo Talal, iko Ghubra. Mie sina."

"Najua, Bibi."

"Kwetu Vikokotoni walikuwapo wanawake wawili, nyumba moja, kitanda kimoja, miaka mingi. Mtaa mzima ukijua. Wakiuza maandazi."

"Waliitwaje?" akauliza Evodia. Aliuliza kwa haraka, kama mwenye kiu.

"Wakiitwa kwa majina yao," akasema Bibi. "Mmoja Bi Nunu. Wa pili nimemsahau." Kisha machozi yakamtoka, akasema, "Sasa na mie unaniwacha na nani?"

Evodia alimbusu mkono. Nilimpa namba ya mtu wa kanisani kwetu anayekaa Darsait, mwenye kitanda cha ziada. Kuondoka kwa kafili, yaani mwajiri anayekudhamini nchini, bila ruhusa ni kutoroka, na mtoro hana kazi, hana hospitali, hana pa kusimama. Alijua yote hayo. Alivaa abaya nyeusi ya zamani ya Bibi, akatembea mpaka barabara kuu kwenye jua la saa nane.

Maktab ilikuwa Al Khuwair, ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Waliosubiri ndege waliwekwa kwenye vyumba vya nyuma, simu zao zimechukuliwa. Mapokezi alikuwa mwanamke wa Kenya, na Evodia alishukuru kwamba watasikilizana.

"Wewe ni nani wake?" akaulizwa.

"Dada yake."

"Dada yake aje? Huyu ni Mganda, wewe Mtanzania."

"Mama mdogo na mama mkubwa."

"Wanaitwa nani hao mama?"

Evodia akakwama. Akasema ni rafiki yake. Rafiki haruhusiwi, akaambiwa, ni ndugu peke yake au mume. Siku ya pili akarudi akasema wanatoka kanisa moja, lakini Nakalanzi ni Mwislamu. Jina la baba yake, Edirisa, liko kwenye karatasi. Mkenya akamtazama kwa muda, na Evodia akaona kwamba ameshalisoma lile neno la kwenye fomu.

"Dada, nenda tu," mwanamke yule akasema, bila ukali. "Kabla sijalazimika kuita mtu."

Aliniambia kwamba alitoka pale akakaa kwenye ngazi akayapitia maneno yote aliyonayo, ya Kiswahili, ya Kihaya, ya Kiganda, na yale machache ya Kiarabu. Ndugu. Dada. Jamaa. Rafiki. Mke. Kila moja lilikuwa uongo au lilikuwa jela.

Siku ya tatu hakupanda juu. Alizunguka nyuma ya jengo, penye maegesho ya magari, akasimama chini ya madirisha, akaita kwa nguvu zake zote. Aliita kwa lugha ya Uani. Wahindi wa duka la matairi wakatoka kutazama. Mwanamke mmoja akapunguza mwendo wa gari. Hakuna aliyeelewa hata neno, na Evodia alipoona hawaelewi akapaza zaidi.

Dirisha la pili likafunguka kiasi cha mkono. Nakalanzi akajibu.

"Ndege ni lini?"

"Kesho asubuhi!"

"Usiende kwa Kayondo! Ukishuka Entebbe panda gari mpaka Mutukula, mpakani. Ningoje pale. Mimi nitakuja kwa upande wetu."

"Wameshamwambia, Evodia. Wamemwambia kila kitu. Atakuja kunipokea mwenyewe."

"Jifiche chooni! Toka na watu wengi!"

"Pasi watampa yeye."

Halafu wakaambiana mambo ambayo Evodia hakunisimulia. Aliniambia tu kwamba walisema yote, mbele ya watu ishirini mchana kweupe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya maisha yao. Mlinzi akaja akamshika mkono. Dirisha likafungwa kutoka ndani, na aliyelifunga si Nakalanzi.

Kesho yake alasiri ulikuja ujumbe wa sauti kwenye simu ya Evodia. Ulikuwa wa sekunde tisa. Nakalanzi alisema kwamba amepewa simu yake, kwamba anamwona Kayondo nje ya kioo yuko na wanaume wawili, na kwamba Evodia asipige simu, asipige kabisa. Sauti ilikuwa ya mtu anayetembea. Baada ya hapo namba haikupatikana tena.

Wiki tatu Evodia alikaa Darsait bila kula vizuri. Yule dada wa kanisani alinipigia akasema, "Aika, mtu wako anakauka. Anakaa na simu sikioni anasikiliza sekunde tisa." Nilipanga uongo wa kwenda kuona daktari, Talal akanishusha zahanati, nikamfuata Evodia kwa teksi. Nilimkuta amekaa kwenye godoro, kanga kiunoni, macho yamezama. Nikamwomba msamaha wa blanketi, wa kelele zangu, wa Kiswahili changu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa nataka kulisema kwa Kiswahili," akasema. "Siku zote nilitaka, mtu aelewe bila kufundishwa. Usichukue lote peke yako."

Nilimwambia arudi kwa Bibi, kwamba Talal angempokea, kwani mama yake alikuwa amekataa kula mikononi mwangu. Akatikisa kichwa. Wiki ileile alikwenda mwenyewe kituo cha polisi, akasema yeye ni mtoro na anaomba kurudishwa kwao.

Walimletea mkalimani, binti wa Kiomani aitwaye Nawar, mjukuu wa watu wa Unguja. Alikuwa na fomu.

"Umetoroka kwa sababu gani?" akauliza. "Mshahara?"

"Hapana. Walinilipa."

"Umepigwa? Baba wa nyumba kakugusa?"

"Hapana."

"Sema tu, usiogope. Lazima niandike sababu."

Evodia angeweza kusema amepigwa. Wengi walimshauri hivyo, kwamba mambo yangekwenda haraka. Lakini hakutaka kumsingizia Talal, ambaye mama yake yeye ndiye aliyemwogesha miaka minne. Akasema, "Nimefiwa."

"Pole sana. Umefiwa na nani?"

"Munywani wangu."

Nawar aliinua peni. "Ndo nani huyo? Mume?"

"Hapana."

"Ndugu?"

"Zaidi."

Binti yule alimtazama Evodia kwa muda mrefu, Evodia aliniambia, na hakujua kama ameelewa au amechoka tu. Kisha akainama akaandika. Evodia akamwomba amsomee. Nawar akasoma kwa Kiarabu, akatafsiri: "Kifo cha jamaa wa karibu."

Evodia hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu siku ya blanketi, akalia mpaka askari akamletea maji. Alikuwa amesema amefiwa ili tu apate neno la kuweka kwenye fomu. Aliposikia limeandikwa, aliogopa kwamba amemuua.

Walimweka kizuizini siku kumi na tisa, kisha wakampandisha ndege ya Dar es Salaam. Hakukaa hata siku mbili. Alipanda basi mpaka Bukoba, akapita Muleba bila kushuka kwao, akaenda Mutukula. Akavuka, akafika Masaka, akauliza njia mpaka kwenye nyumba ya akina Edirisa. Alikuta mama mtu mzima anachambua maharage barazani.

"Ggwe ani?" mama akamuuliza. Wewe ni nani?

Evodia alikuwa na safari nzima ya kulitafuta jibu. Akasema yeye ni munywanyi wa Nakalanzi.

Mama yule alilielewa neno, bila shaka alilielewa; ni neno la zamani, la wazee wake. Mikono yake ilisimama juu ya maharage. Kisha akatazama ndani ya nyumba, mahali ambapo kulikuwa na sauti ya mwanaume akizungumza na simu, akasema, "Tetumumanyi." Hatumjui mtu huyo. Akamwambia kwa kunong'ona aondoke upesi, kabla Kayondo hajatoka. Evodia alimuuliza jambo moja tu, kama Nakalanzi yu hai. Mama akainuka na ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Sasa ni mwaka na miezi. Nalule amepiga simu mara mbili nyumbani kule akijifanya mtu wa hospitali, na mara zote mbili ameambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Yeye na Filomena wametenganishwa. Filomena amehamishiwa Sohar. Ile Ijumaa yetu imekufa. Bibi Masouda tumemhamishia Ghubra, sasa ananikubali, na siku nyingine ananiita Evodia nami ninaitika. Talal hajawahi kulitaja jambo lile tena. Mara moja aliniuliza, akiwa ameshika mlango wa gari, kama yule Mganda alifika salama. Nikamwambia sijui. Akasema, "InshaAllah," akaingia garini akakaa kwa muda kabla ya kuwasha.

Evodia amepanga chumba Mutukula, upande wa Tanzania, karibu na kizuizi. Anauza chai na ndizi za kuchemsha kwa madereva wa malori, na kila dereva anayetoka Masaka anaulizwa. Ananipigia Jumapili. Jana ameniambia dereva mmoja amemwona mwanamke mfupi, mgonjwa wa akili, anazunguka sokoni Kyotera, na watu wanamcheka kwa sababu anazungumza Kiswahili cha ajabu, cha kukwaruza koo. Anakwenda Jumatano. Nilimwambia asiende, kwamba Kayondo ana watu mpaka huko, kwamba sheria ya kule haina mchezo, na kwamba huyo anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

"Anaweza kuwa mwingine," akasema. "Lakini Aika, Mganda gani mwingine atasema khabari?"